Kabla ya kuweka Linux, ulizeni tarehe ya mwisho

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10. Kompyuta zilizokuwa zikifanya kazi asubuhi ya siku hiyo ziliendelea kufanya kazi jioni, na ndiyo maana watu wengi hawakuona tofauti yoyote. Lakini Windows 11 inadai mashine yenye vifaa vya karibuni, na kompyuta nyingi za mkono wa pili hazina vifaa hivyo. Fundi anayemwambia mteja wake "tuweke Linux" anatoa ushauri wa busara. Mfumo huo ni huria, hauhitaji leseni ya kununua, na unaweza kuendesha vizuri mashine ambayo Windows mpya imeikataa.

Ushauri huo unahusu pia uwanda wa Ruzizi. Mtu wa Luberizi, kati ya Luvungi na Sange kwenye barabara ya taifa namba 5, hanunui kompyuta kwa ajili ya fahari. Ananunua ili achapishe barua za watu na kutoa fotokopi, ili shule ihifadhi majina na pointi za wanafunzi, ili ushirika wa wakulima wa mpunga uandike mavuno na madeni, ili kituo cha afya kiandae ripoti zake. Akishaipata anataka imdumu miaka. Hapo ndipo swali moja linasahaulika: toleo hilo la Linux litahudumiwa hadi lini?

Swali hilo lina jibu, tena jibu lenye tarehe. Anayeweka mfumo huria kwenye mashine ya watu bila kuwaambia tarehe hiyo, awe fundi, mfadhili au ofisi ya serikali, anawaachia deni wasilolijua.

Mfano ulio karibu zaidi ni Ubuntu, moja ya mifumo ya Linux inayojulikana sana. Iko chini ya kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Jina lenyewe halihitaji mkalimani katika nchi za Kibantu. Namba za matoleo nazo hazina fumbo: za mbele ni mwaka, za nyuma ni mwezi. Ubuntu 24.04 ilitoka Aprili 2024, na 24.10 ikatoka Oktoba mwaka huohuo.

Toleo jipya hutoka kila miezi 6, lakini matoleo hayo hayana umri sawa. Linalotoka Aprili ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama 2020, 2022 na 2024, ni toleo la muda mrefu, lenye alama ya LTS. Hilo hupewa viraka vya usalama bure kwa miaka 5. Mengine yote huhudumiwa miezi 9 tu, kisha huachwa.

Mtego wa kwanza unatokea hapo. Kwa macho ya kawaida, namba kubwa ni bora kuliko namba ndogo, kwa hiyo fundi asiyejua hesabu hii atachagua 24.10 na kuiacha 24.04. Lakini 24.10 ilifikia mwisho wake Julai 2025, wakati 24.04 itahudumiwa hadi mwaka 2029. Aliyechagua namba kubwa amechagua mfumo uliokufa mapema, na siku atakapotaka kuongeza programu moja tu ataona mashine ikimjibu kwa makosa, kwa kuwa ghala la programu za toleo lililokwisha huhamishwa mahali pengine.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Saa ya miaka 5 haianzi siku mtu anapoweka mfumo kwenye kompyuta yake. Ilianza siku toleo lilipotoka. Aliyeweka Ubuntu 20.04 Januari 2025 hakupata miaka 5. Alipata miezi michache, kwa sababu muda wa kawaida wa toleo hilo ulikwisha Mei 2025. Anayeweka 22.04 leo anapaswa kujua kwamba muda wake wa kawaida unafika mwaka 2027.

Katika eneo kama Luberizi mtego huo hauletwi na uzembe. Unaletwa na bei ya mega. Faili la kuweka Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6, na kulipakua kwa simu ni gharama ambayo fundi mdogo hawezi kuirudia kila mara. Kwa hiyo flash ya zamani yenye toleo la zamani hupita mkono kwa mkono, mwaka baada ya mwaka, na kila kompyuta inayopitia hapo huzaliwa ikiwa imeshazeeka. Kati ya 2005 na 2011 Canonical ilituma CD bure kwa posta kwa aliyeomba. Mpango huo ulifungwa, na mzigo wa kupakua ukabaki kwa mtumiaji, awe na intaneti ya kasi au awe na mega za kuhesabu.

Wengine huuliza kwa nini watengenezaji wasihudumie kila toleo milele. Jibu ni la kazi, si la dharau. Kosa la usalama likigunduliwa katika programu moja, linapaswa kurekebishwa katika kila toleo ambalo bado liko hai, kisha kila rekebisho lijaribiwe ili lisiharibu vitu vingine. Matoleo yakiwa kumi, kazi ni mara kumi. Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, unaendeshwa na watu wa kujitolea duniani kote. Hutoa toleo jipya takriban kila miaka 2, likiwa tayari, hulihudumia miaka 3, kisha kundi jingine huendelea nalo miaka 2. Kufunga toleo la zamani ndiko kunakowapa nafasi ya kulitunza jipya.

Hata hivyo kila mlango unaofungwa una mtu aliyebaki nje. Debian 13 ilitoka tarehe 9 Agosti 2025 bila njia ya kuiweka kwenye kompyuta za zamani za biti 32. Debian 12 ndiyo ya mwisho kuwa na njia hiyo. Ubuntu ilikuwa imeshaacha mashine hizo miaka kadhaa kabla. Huko Ulaya uamuzi huo hugusa watu wachache. Kwa shule ya kijijini iliyopewa mashine kuukuu kama msaada, unaweza kuwa ndio mwisho wa chumba chake cha kompyuta.

Ahadi ya tarehe nayo inaweza kuvunjwa. Tarehe 8 Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS 8, mfumo huria uliotumika kwenye seva nyingi duniani na uliotarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, ungefungwa tarehe 31 Desemba 2021. Waliojenga kazi zao juu yake walibaki na mwaka mmoja na siku chache. Lakini kwa sababu msimbo wake uko wazi, watu wengine waliuchukua, na mwaka 2021 mifumo ya AlmaLinux na Rocky Linux ikatoka kujaza pengo. Tukio hilo linafunza mambo mawili kwa pamoja: mfumo huria haumfungi mtu kwa kampuni moja, lakini haumwondolei jukumu la kufuatilia habari zake.

Kuna hoja ya upande wa pili, na si ya kupuuza. Mwenye kibanda cha kuchapisha atasema: mashine inafanya kazi, kwa nini niiguse? Sasisho linaweza kuvuruga printa siku ya kazi nyingi. Umeme wa sola unaweza kukatika katikati ya kubadilisha toleo na kuacha kompyuta isiyowaka. Mega ni pesa, na pesa hiyo ina kazi nyingine nyumbani. Yote hayo ni kweli. Yanaonyesha kwamba kusasisha kunahitaji kupangwa, na kwamba si kila sasisho lina uzito sawa.

Hayaonyeshi kwamba kutosasisha ni bure. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kudai malipo ili kuzifungua. Kiraka cha kuziba tundu lililotumiwa kilikuwa kimetoka Machi, miezi 2 kabla. Mashine hizo zilikuwa za Windows, lakini kanuni ni ileile kwa mfumo wowote: tundu likishatangazwa na kiraka kutolewa, anayeachwa bila kiraka anajulikana udhaifu wake. Toleo lililofikia mwisho wake halipati kiraka tena, hata kama mwenyewe ana mega za kutosha.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi kwenye afya. Kongo hutumia DHIS2, programu huria iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, kukusanya takwimu za afya. Nayo ina utaratibu huohuo: matoleo yanayohudumiwa ni machache ya karibuni, na seva zake kwa kawaida hukaa juu ya Linux. Uvira na mwambao wa kaskazini wa Tanganyika ni kati ya sehemu ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara. Namba za wagonjwa zikichelewa wiki moja kwa sababu mashine ya ofisi ya zone ya afya imefungwa na kirusi, wanaochelewa kuletewa dawa na klorini ni watu wa ng'ambo zote za barabara hii.

Vilevile mashine hizo zina majina ya watu. Kanuni ya sheria ya mambo ya dijitali ya Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu inayolinda data binafsi. Katika eneo ambalo vita vimewahamisha watu mara nyingi, orodha ya wagonjwa, ya wanafunzi au ya waliopokea msaada si karatasi ya kawaida. Kuihifadhi kwenye mfumo uliokwisha muda wake ni kama kuiacha ofisini bila kufuli.

Hatua zinazohitajika hazingojei Kinshasa. Ya kwanza ni kipande cha karatasi kubandikwa kwenye kila kompyuta ya shule, kituo cha afya, ushirika na ofisi ya usheferi, kikiandikwa mambo matatu: jina la mfumo, namba ya toleo, na mwezi ambao huduma yake inakwisha. Fundi asilipwe kabla karatasi hiyo haijabandikwa.

Ya pili ni kuweka matoleo ya muda mrefu tu kwenye mashine za kazi, na la karibuni kati ya hayo. Aliyeko kwenye toleo la zamani asikimbilie jipya siku linapotoka. Canonical yenyewe huwafungulia watu wa LTS njia ya kupanda baada ya toleo la kwanza la marekebisho, miezi michache baadaye. Lakini asichelewe pia, kwa sababu hakuna kuruka ngazi: kutoka 20.04 ni lazima kupitia 22.04 ndipo kufika 24.04, na kila ngazi ina mega zake. Aliyekwama anaweza kujiandikisha kwenye Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa matumizi binafsi hadi mashine 5 na hurefusha viraka hadi miaka 10.

Ya tatu ni kugawana gharama. Chuo, parokia au redio yenye intaneti nzuri Uvira inaweza kupakua toleo jipya mara moja na kuwanakilia mafundi wa Sange, Luberizi na Luvungi kwenye flash. Leseni za mifumo hii zinaruhusu kunakili, na ruhusa hiyo ni faida isiyotumiwa vya kutosha. Ofisi yenye kompyuta kadhaa inaweza pia kuifanya moja ipakue masasisho na kuzigawia nyingine, badala ya kila mashine kula mega zake.

Ya nne inawahusu wafadhili. Shirika linaloleta kompyuta 10, likapiga picha na kuondoka, limeleta nusu ya msaada. Bajeti ya mradi iwe na mstari wa kubadilisha toleo, na hati ya makabidhiano itaje tarehe ya mwisho na jina la ofisi itakayoifuatilia. Anayepokea naye ana haki ya kuuliza kama mashine ni ya biti 64, na haki ya kukataa isiyo na mfumo unaohudumiwa.

Kazi ya kwanza inaweza kuanza wiki hii bila mega hata moja. Kila mkuu wa shule na kila mkuu wa kituo cha afya kati ya Kamanyola na Uvira amwombe fundi wake afungue sehemu ya "kuhusu mfumo" kwenye kila kompyuta, aandike namba ya toleo, na aseme inakwisha lini. Mashine ambayo fundi hana jibu lake ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.