Safari ya Guangzhou yafichua pengo la tiba ya saratani Migori na Homa Bay

KWA miaka mingi, familia ya Migori au Homa Bay iliyoambiwa kuwa mgonjwa wake anahitaji daktari bingwa ilijua safari moja tu: basi la usiku hadi Nairobi, kisha foleni ndefu katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Sasa wenye uwezo, au wenye jamaa wanaoweza kuchangisha, huitazama India, na baadhi yao Guangzhou, kusini mwa China.

Guangzhou si mji mgeni kwa Wakenya. Wafanyabiashara wameuzoea kwa kununua nguo, simu na vipuri, na ndege huruka moja kwa moja kutoka Nairobi. Mji huo una hospitali kubwa ya saratani ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, pamoja na hospitali za kibinafsi zinazojitangaza kwa wagonjwa wa mataifa ya kigeni. Kwa mtu aliyekata tamaa, tangazo la tiba mpya huwa sawa na mlango uliofunguliwa.

Hata hivyo, la kuuliza si kama China ina madaktari hodari, kwani inao. Linalofaa kuulizwa ni nani anayeweza kwenda, anakwenda ugonjwa ukiwa umefika wapi, na akirudi anapokelewa na nani.

Viongozi wenyewe ndio waliowaonyesha wananchi njia ya ng'ambo. Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa Waziri wa Huduma za Matibabu, alitibiwa saratani ya tezi dume Marekani. Mwenzake wa Afya ya Umma, Bi Beth Mugo, alitibiwa huko pia mwaka wa 2012. Mbunge wa Kibra, Ken Okoth, ambaye jamaa zake wanatoka Kabondo, Homa Bay, alitafuta tiba Ufaransa kabla ya kufariki Nairobi Julai 2019. Naye Raila Odinga alifariki Kerala, India, Oktoba 15, 2025, alikokuwa amekwenda kwa matibabu.

Mwananchi wa kawaida akifuata nyayo hizo, hafuati kwa mfuko ule ule. Mvuvi wa Mbita au mkulima wa miwa wa Awendo huanza kwa harambee, kisha huuza ng'ombe, na mwisho shamba. Matibabu ya mionzi huchukua wiki kadhaa, na katika muda huo mgonjwa na msindikizaji wake hulipia malazi, chakula na mkalimani. Tena, mauti yakitokea ugenini, gharama ya kuurudisha mwili huiangukia familia ile ile, kwa kuwa katika mila za Waluo marehemu huzikwa nyumbani kwao.

Bima ya umma haizibi pengo hilo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, iliweka kikomo cha Sh500,000 kwa matibabu ya ng'ambo, na kwa huduma zisizopatikana nchini pekee. Anayejipeleka mwenyewe kwa tiba inayopatikana Kenya hawezi kuutegemea mpango huo.

Isitoshe, tiba ya saratani haiishii uwanja wa ndege. Mgonjwa huhitaji kuchunguzwa tena na tena kwa miaka. Akirudi na ripoti asizoweza kuzisoma daktari wa wilayani, au na dawa zisizopatikana Migori, huwa amenunua nusu ya tiba kwa bei ya tiba nzima. Janga la Covid-19 lilidhihirisha hatari hiyo: China iliwafungia wageni wengi mipaka mwishoni mwa Machi 2020 na haikuilegeza kikamilifu hadi 2023.

Jambo linalopaswa kuwasumbua zaidi watunga sera liko karibu na nyumbani. Migori na Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu vya maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Mwanamke anayeishi na virusi hivyo hukabiliwa na hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara sita zaidi ya asiye navyo. Ilhali saratani hiyo huzuilika kwa chanjo ya HPV, ambayo Kenya iliianza Oktoba 2019, na dalili zake za awali hutibika kwa dakika chache bila kulazwa.

Utafiti ulioanza Migori mwaka wa 2016 ulitoa funzo zito. Vipimo vya HPV vilipopelekwa vijijini, wanawake wengi zaidi walijitokeza kuliko walipotakiwa kwenda zahanati. Lakini miongoni mwa waliopatikana na virusi, hata nusu hawakufika hospitalini kutibiwa. Safari fupi ya matatu iliwashinda, nauli na kazi za nyumbani zikiwa miongoni mwa vizuizi. Anayeikosa safari hiyo leo ndiye atakayechangiwa nauli ya ndege miaka kumi baadaye, wakati ambapo hata bingwa wa Guangzhou hana la kufanya ila kupunguza maumivu.

China yenyewe imeonyesha njia nyingine. Tangu miaka ya 1960 imekuwa ikituma madaktari Zanzibar. Nchini Kenya, mkopo wake ulijenga hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa 2019 na yenye kituo cha saratani. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu nayo ilipandishwa hadhi kuwa ya kitaifa mwaka wa 2025. Hadhi hiyo itakuwa na maana kwa mkazi wa Ndhiwa au Kuria ikiwa tu itaambatana na mashine, wataalamu na dawa.

Serikali za kaunti hazihitaji kungoja hayo yote. Kumtibu mwanamke siku ile ile anayopimwa, kijijini kwake, ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na shamba linalouzwa ili mgonjwa mmoja avuke bahari.