Ukungu Unaolishwa Maji ya Mahindi



Hapa kwetu Ruhuwiko mahindi yakishakobolewa huloweshwa siku mbili tatu, ndipo yaanikwe na kupelekwa mashineni. Maji yale yenye uchachu tunayamwaga nyuma ya jiko. Mwezi huu tunataka kuyasema, kwa maana maji ya namna hiyo yaliwahi kusaidia kuongeza dawa iliyookoa watoto wengi.

Jambo lilianza baada ya sala za jumuiya. Mwenzetu mmoja alikuwa amesikia kwamba penisilini hutoka kwenye ukungu, akauliza, "Jamani, mkate ukiota ukungu, si niupake kwenye kidonda cha mwanangu?" Tulicheka, kisha tukaona hakuna kati yetu mwenye jibu. Tukaenda kulitafuta.

Ukungu ni ndugu wa uyoga tunaouchuma porini wakati wa mvua. Mwaka 1928 Alexander Fleming, wa hospitali ya St Mary's mjini London, aliona ukungu ulioingia katika kisahani chake umeua vijidudu vilivyokuwa karibu nao. Ndiyo asili ya penisilini. Lakini ukungu ule ulitoa dawa kidogo mno. Kule Oxford, Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley waliuotesha katika mamia ya vyombo vya kauri vyenye umbo la vile wanavyojisaidia wagonjwa kitandani. Wasichana sita waliajiriwa kuvitunza. (Tunawataja kwa kuwa wengi huwasahau.)

Februari 1941 wakamdunga polisi mmoja ambaye uso wake ulikuwa umeoza kwa usaha. Akaanza kupata nafuu, akala chakula. Wakakusanya hata mkojo wake, wakatoa humo dawa iliyobaki ili wamdunge tena. Baada ya siku chache dawa ikaisha kabisa. Ugonjwa ukarudi, naye akafa mwezi Machi.

Mwaka huo huo Florey na Heatley wakaenda Marekani, na kule Peoria, nchi ya mahindi kama yetu, wakapokewa katika maabara ya kilimo. Viwanda vya wanga vya huko vilikuwa na maji mengi yaliyolowekewa mahindi, wasijue wayafanyie nini. Andrew Moyer akaulisha ukungu maji hayo, pamoja na sukari ya maziwa badala ya sukari ya kawaida. Dawa ikaongezeka yapata mara kumi! Mwaka 1943 ukapatikana ukungu bora zaidi juu ya tikiti lililooza, kutoka soko la mji ule ule. Mwaka 1944 kampuni ya Pfizer ikaanza kuuchachusha katika matangi makubwa, hewa safi ikipulizwa ndani na mchanganyiko ukikorogwa bila kukoma.

Mama anayejua kutengeneza togwa ataelewa upesi. Togwa hutaka kimea kizuri, joto la kadiri na chombo safi. Ukungu nao ni hivyo, ila una tabia moja ya ajabu: ukipewa sukari nyingi kwa mara moja, hunenepa tu na kuiacha kazi ya dawa. Kwa hiyo hulishwa kidogo kidogo, usishibe mno wala usife njaa. Hapo ndipo hutoa penisilini kwa wingi. Amoksilini tunayopewa zahanati hutengenezwa kutokana na penisilini iliyopatikana kwa njia hiyo.

Je, ukungu wa mkate? Hapana, mama. Hatujui ni wa aina gani, haujasafishwa wala kupimwa, na aina nyingine hutoa sumu. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa ndani ya mahindi. Mahindi yaliyoota ukungu msiyasage, msiwape kuku, wala msiyapikie pombe. Moto wa jikoni hauiondoi sumu ile.

Na hapa tukiri wenyewe. Mtoto homa ikishuka siku ya pili, chupa ya dawa huwekwa kabatini, imngojee mdogo wake. Polisi yule alikufa kwa kuwa dawa iliisha. Sisi tunayo, tunaikatisha. Kuna maambukizi ya koo ambayo yasipotibiwa sawasawa huweza kumwachia mtoto ugonjwa wa moyo. Tena dawa ya unga ikishatiwa maji haikai miezi kabatini, huharibika. Mafua ya kawaida hayaitaki kabisa. Na mtoto akivimba uso au akipumua kwa shida baada ya kuinywa, mkimbizeni hospitali, na siku zote mwambieni mganga kwamba dawa hiyo ilimdhuru.

Mwenzetu ameutupa mkate ule. Kidonda alikiosha kwa maji safi na sabuni, na asubuhi yake akampeleka mtoto zahanati.