Taya likiuma, usikimbilie kung'oa jino

Mgonjwa anaamka taya limekaza, sikio linauma, na akitafuna kiungo kinatoa mlio. Anatibiwa sikio, kisha anang'olewa jino, na maumivu yanabaki palepale. Mara nyingi shida iko kwenye kiungo cha taya, mbele ya sikio, au kwenye misuli yake.

Desemba 2023 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha mwongozo kuhusu maumivu ya taya yaliyodumu miezi mitatu au zaidi. Wataalamu walipendekeza mazoezi ya taya na ya mkao wa mwili, kukandwa misuli, na tiba ya kisaikolojia (si kwamba mgonjwa anajitungia maumivu). Walipinga vikali upasuaji wa kuondoa kisahani cha kiungo, na vifaa vya mdomoni vinavyobadili kabisa mpangilio wa meno.

Kwa hiyo ukiambiwa upasuliwe, uliza kwanza: je, nimeshajaribu mazoezi? Yakiharibika, yanarekebishika?

Mzazi, taya la mwanao likitoa mlio bila maumivu, kwa kawaida halihitaji tiba. Lakini akivimba, akipata homa au akishindwa kufungua mdomo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.