Nani Mwacha Asili?

Wako watu katika Afrika ya Mashariki ambao, kila wasikiapo sauti wasiyoizoea, hukimbilia methali moja: mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo ni njema, lakini mkononi mwa mvivu hugeuka rungu. Kijana hupigwa nayo kabla hajamaliza kusema neno lake. Kati ya walioangukiwa na rungu hilo ni wapigaji wa muziki uitwao metali, na hasa Duma, bendi ya watu wawili kutoka Nairobi. Hukumu iliyotolewa juu yao yafaa ipimwe, kwa kuwa waliohukumu hawakusikiliza.

Duma iliundwa mwaka 2019. Martin Khanja, ajulikanaye jukwaani kwa jina la Lord Spikeheart, ndiye mwenye sauti. Sam Karugu ndiye mwenye gitaa na mitambo. Walitoka katika bendi mbili za Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, zilizopigwa chini kwa chini, mbali na redio na kumbi za harusi. Karugu aliacha gitaa la besi akashika gitaa la kawaida na kazi ya kuunda sauti kwa mashine. Katikati ya mwaka huo walikaa Kampala miezi mitatu wakinasa nyimbo zao, na mwezi wa Agosti 2020 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ikazitoa, nyimbo tisa, kwa jina la bendi yenyewe. Mswahili asikiapo jina hilo humkumbuka mnyama mwenye mbio. Wao walilitwaa kutoka Kikuyu, ambako maana yake ni giza. Ndani yake mna gitaa lililokwaruzwa mpaka likanguruma, mapigo ya mashine yendayo kasi kuliko mkono wa mpiga ngoma, na juu ya yote ukelele wa Khanja.

Shitaka la kwanza ni kuwa muziki huo ni wa kigeni. Ni kweli kuwa metali ilizaliwa Uingereza. Black Sabbath, bendi iliyofungua njia, ilianza mwaka 1968 katika Birmingham, mji wa viwanda, na mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani. Basi haukutoka katika majumba ya watawala. Ulitoka kwa watoto wa vibarua. Lakini hata kama ungetoka ikulu, shitaka lisingesimama. Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Kairo kujifunza kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, na nyimbo zake za kwanza zilikuwa za Kiarabu. Leo yupo mtu mwenye akili timamu awezaye kusimama Unguja akasema kuwa taarabu si ya Waswahili? Wale wale waitetezao taarabu kuwa ni asili wanasahau kuwa ilishuka bandarini ikiwa mgeni.

Shitaka la pili husema kuwa kazi ya Duma ilinaswa nje ya nchi yao na kutolewa na kampuni ambayo waasisi wake walitoka Ulaya. Hilo nalo ni kweli, nalo si kosa. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 akanaswa sauti Bombay, na kampuni iliyomnasa ilikuwa ya Waingereza. Hakuna aliyethubutu kusema kuwa Siti alirudi akiwa Mhindi au Mwingereza. Msanii hufuata mlango ulio wazi; ikiwa mlango wa nyumbani umefungwa, lawama na imwendee aliyeufunga. Tena milango ya jirani nayo haikosi kusukumwa: tamasha la Nyege Nyege lilipigwa marufuku na waziri wa maadili wa Uganda mwaka 2018, na mwaka 2022 bunge likalikataa, mara zote mbili ruhusa ikatolewa baadaye. Amri inayotolewa leo na kufutwa baada ya siku chache yaonyesha hofu zaidi ya maadili.

Shitaka la tatu ndilo zito, wala halifai kupuuzwa. Taarabu, husema washitaki, ilikuwa yetu siku Siti alipoiimba kwa Kiswahili. Lakini majina mengi ya nyimbo za Duma ni ya Kiingereza, na maneno yenyewe hayasikiki kwa ukelele. Insafu yataka kukiri kuwa hapa pana upungufu. Wimbo mmoja, "Pembe 666", umetwaa neno la Kiswahili katika jina lake, na neno moja halitoshi kuitwa lugha. Walakini ukelele usioeleweka si jambo geni katika pwani hii. Katika ngoma za pepo mteja hulia, hunguruma, hunena lugha ambayo hadhara haiifahamu, na pepo wa kibuki wanajulikana kuwa wa Bukini. Walio pale hawamwambii mgonjwa kuwa ameacha asili. Wanajua kuwa yako maumivu yasiyoingia katika sentensi, na mtu huyatoa kwa sauti kwanza. Maneno huja nyuma, au hayaji.

Mwaka 2024 Khanja alitoa kazi yake mwenyewe, The Adept, kwa kampuni yake iitwayo Haekalu. Ndani ya kazi hiyo amemwenzi Muthoni wa Kirima, mama wa nyanya au babu yake kwa kizazi, mwanamke aliyepigana msituni katika Mau Mau akafikia cheo cha jemadari, na aliyefariki mwaka 2023. Huyu ndiye kijana anayeambiwa kuwa hana asili! Amemkumbuka mzee wake kwa chombo alichonacho, na chombo hicho ni kelele. Wanaomlaumu wangepaswa kwanza kuonyesha wao wamemkumbuka kwa chombo gani.

Vyuo vyetu vimechelewa mara nyingi. Historia ya taarabu na ya dansi iliandikwa kwa sehemu kubwa na wageni, na wanafunzi wetu leo huisoma kwa lugha za wageni. Bendi za chini kwa chini za Nairobi zingali na watu walio hai wawezao kuulizwa. Mwanachuoni asiyependa kelele zao na aseme hivyo, ni haki yake. Lakini na azisikilize mpaka mwisho, awaulize wenyewe, kisha aandike kwa Kiswahili. Akikataa hata hilo, na amwachie mwingine ile methali, kwa kuwa ameacha kazi iliyo asili ya chuo.