Mshono wa Mapenzi na Mshono wa Msimu

Wahenga waliamba kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Niliukumbuka usemi huo wakati wa matayarisho ya wiki ya utamaduni, mwanafunzi mwenzetu wa mwaka wa pili alipoleta mfarishi alioushona kwa mkono. Alikuwa ameunga vipande vya leso kuukuu za nyanyake, akatia pamba katikati, kisha akapitisha uzi kwa mishono midogo midogo kama alivyofunzwa kwao. Kamati iliutazama, ikatikisa kichwa. Akaambiwa kuwa siku hizi watu wanapenda kijivu na cheupe, miraba mikubwa na nafasi tupu, kama inavyoonekana katika intaneti. Mfarishi ukakunjwa, ukarudishwa mkobani. Mwenyewe hakunena neno, ila tangu siku hiyo sijamwona na sindano.

Makala haya hayakusudii kuipiga vita mitindo mipya. Ninauliza tu: ni nani aliyeamua kwamba kazi ya mkono ipimwe kwa tarehe badala ya kupimwa kwa mshono?

Tuanze na leso zenyewe. Vazi hili tunaloliita la jadi lilikuwa jambo geni katika karne ya 19. Simulizi za pwani zinaeleza kuwa wanawake walinunua vitambaa vya leso vilivyokuja kwa majora, wakakata vipande viwili vya miraba mitatu mitatu, wakaviunga na kupata vazi moja la miraba sita. Wafanyabiashara walipoona yanayopendwa, wakaagiza kitambaa kizima chenye pindo na mji. Maandishi yaliongezwa baadaye, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kilatini. Naam, mila ya leo ilikuwa mtindo wa jana. Lakini tukitazame pia kisutu, chenye wekundu, weusi na weupe wake. Kimepita katika misimu hiyo yote na hadi leo kinahusishwa na bibi harusi wa pwani. Hakikudumu kwa sababu ya ukale tu, maana vya kale vingapi vimesahaulika? Kimedumu kwa kuwa kila kizazi kilikipenda upya.

Mfano mwingine uko mbali nasi. Gee's Bend ni kijiji cha Wamarekani weusi katika jimbo la Alabama, kilichozungukwa na mto pande tatu. Wanawake wa huko walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, ili jamaa zao wasiteswe na baridi. Mwaka 1966 ushirika wa Freedom Quilting Bee uliundwa katika sehemu hizo, na maduka makubwa ya mjini yakaanza kuagiza. Maduka yalitaka mifarishi inayofanana, kipimo kwa kipimo. Fedha zilihitajika, nao wakashona walivyoagizwa. Hata hivyo, majumbani waliendelea kukata vitambaa kwa jicho na kupinda mistari walivyopenda. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ya nyumbani ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York. Mwaka 2006 picha za kumi kati yake zikachapishwa katika stempu za Marekani. Iliyosifiwa haikuwa ile iliyoagizwa na maduka.

Sitaki nidhaniwe kuwa mtetezi wa ukale kwa ukale wake. Wako wanaong'ang'ania mtindo mmoja kwa uvivu wa kujifunza mwingine, kisha wakauita uvivu huo mila. Aidha, anayeshona ili auze hana budi kumsikiliza mnunuzi. Lakini huyo anajua kuwa anauza. Mwanafunzi aliye katika kujifunza, akigeuzwa na kila upepo, hatapata mkono wake mwenyewe.

Sisi wana wa Kiswahili tunaujua mgogoro huu. Mwaka 1973 ilichapishwa Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, tungo za vina na mizani alizozitunga gerezani. Mwaka uliofuata Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani ya mashairi huru. Malumbano yaliyozuka kati ya wanaarudhi na wanamapinduzi ungedhani yangeisha kwa upande mmoja kuuzika mwingine. Leo diwani zote mbili tunazisoma darasani. Abdilatif hakuishika arudhi kwa kuyaogopa mapya, kwani maudhui yake yalikuwa moto wa siku zile zile. Kila mmoja alichagua chombo alichokiamini, akakimudu.

Pendekezo langu kwa kamati, basi, ni jepesi. Meza ya maonyesho ipokee mitindo yote, na hukumu itokane na maswali matatu: Je, mishono imeshikana? Je, rangi zinapatana? Je, mshonaji anaweza kueleza kwa nini alichagua alivyochagua?

Nawe dada uliyeukunja mfarishi wako, ufunue. Kijivu cha msimu huu kitapita bila kungoja ruhusa yako. Lakini mfarishi wa leso za nyanya, usipouendeleza wewe, hakuna duka litakalouagiza.