Akili ya ndege? Afadhali tungekuwa nayo

Ukitaka kumtukana mtu Kenya hii, mwambie ana akili ya kuku. Mimi niliambiwa hivyo na mwalimu mbele ya darasa zima, nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Kuna ndege wa Marekani, jamii ya kunguru, anaitwa scrub jay. Mwaka 1998 Nicola Clayton na Anthony Dickinson waliwapa ndege hao karanga na viwavi wafiche mchangani. Viwavi ndio watamu kwao, lakini huoza. Muda mfupi ukipita, walifukua viwavi. Siku kadhaa zikipita, waliwaacha wakaendea karanga. Walikumbuka wameficha nini, wapi na lini. Mwaka 2007 utafiti mwingine ukaonyesha wanaweka akiba jioni kwenye chumba ambacho wamezoea kuamka bila chakula. Huko ni kupanga, bana!

Utaniambia ndege hawezi kueleza kwa nini kiwavi anaoza. Sawa, hawezi. Sisi tunaweza kueleza kila kitu. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipobeba nyumba na watu Nairobi, kila mtu alijua sababu: mitaro imeziba, majengo yamekaa njia ya maji. Mahali tunapajua. Msimu tunaujua. Chanzo tunakijua. Kwani tunangoja nini? Masika yakirudi tunashangaa kama wageni.

Kwa hivyo niite akili ya ndege, nitasema asante. Lakini kwanza nijibu: mtaro wa mtaa wenu ulizibuliwa lini mara ya mwisho?