Zana chakavu kubeba marobota ya hei: Unafuu uko kwenye fremu, hatari iko kwenye meno

Mvua za kanda ya kati zinapokatika, kati ya Aprili na Mei, wazalishaji wa malisho huwa na wiki chache tu za kuvuna majani yangali na lishe. Yakichelewa hugeuka mabua. Yakifungwa na kuachwa shambani, umande na mchwa huyamaliza. Kwa nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30, ambayo ukame wa mwishoni mwa mwaka 2021 uliua maelfu ya mifugo katika wilaya kama Simanjiro, wiki hizo si jambo dogo.

Mjadala wa hei huishia mara nyingi kwenye mashine ya kukata na mashine ya kufunga. Anayenyanyua marobota hatajwi. Robota dogo la mstatili lina uzito wa kilo 15 hivi, nalo huinuliwa angalau mara nne: kutoka shambani hadi kwenye tela, kutoka kwenye tela hadi ghalani, kutoka ghalani hadi kwenye lori, na kutoka kwenye lori hadi kwenye zizi. Marobota 1,000 ni tani 15 za majani, lakini mikono ya vibarua huinua tani 60. Robota la duara lenye kilo 250 au 300 halina hata nafasi hiyo ya kubebwa begani. Lisipopata mashine hubaki lilipoangukia.

Trekta yenye mikono ya haidroliki mbele, ambayo wengi huiita kijiko, ingemaliza kazi hiyo kwa saa chache. Tatizo ni kwamba trekta nyingi za wakulima zilinunuliwa kwa ajili ya kulima, na hata zenye kijiko zina beseni la kuchotea udongo, lisiloweza kushika robota. Ndipo karakana za kuchomelea zinapoingia. Plau ya sahani iliyochakaa, ambayo sahani zake zimeliwa na beringi zake zimekufa, bado ina fremu nene iliyoundwa kuhimili mvuto wa trekta na sehemu tatu za kuifunga nyuma. Fremu hiyo ikisafishwa, ikaondolewa mihimili ya sahani na kuwekewa jukwaa la mabomba, hubeba marobota madogo 20 kwa safari moja, yaani kilo 300. Kwa mazingira ya Tanzania, ambako robota dogo ndilo lililozoeleka, jukwaa hilo lina faida kubwa kuliko mkuki wa robota la duara ambao mafundi huvutiwa nao kwa sababu ya picha za nje.

Ubunifu wa aina hii si mgeni nchini. Kongwa, ambako leo kuna ranchi ya Taifa na kituo cha utafiti wa malisho, palikuwa uwanja wa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, na baadhi ya matrekta yake yaliundwa kutokana na vifaru vya Sherman vilivyosalia baada ya Vita Kuu ya Pili. Chuma hakikukosa nguvu. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 kwa sababu nyingine, zikiwemo udongo mgumu na mvua haba.

Fremu ya zamani, basi, inaaminika ikikaguliwa nyufa. Meno ni suala jingine kabisa. Mkuki wa kiwandani wa kuchomea robota, wenye urefu wa mita moja hivi, hufuliwa kwa chuma maalumu na kupitishwa kwenye moto na ubaridi kwa vipimo. Mwisho wake ni wa pia, hukaa ndani ya soketi na kukazwa kwa nati. Soketi ndiyo inayochomelewa kwenye fremu, si mkuki. Fundi anayetumia nondo hupata jino linalopinda. Anayechomelea kipande cha springi ya lori hupata jambo baya zaidi, kwa kuwa chuma hicho, kikichomelewa bila kupashwa joto kwanza na kupozwa polepole, hudhoofika pembeni mwa mshono na kuvunjika ghafla bila dalili.

Uzito nao una hesabu yake. Robota la kilo 300 likiwa mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele, kwenye trekta yenye mita 2 kati ya ekseli zake, huiongezea ekseli ya mbele kilo 525 na kuondoa kilo 225 nyuma, hata kabla ya kuhesabu uzito wa mikono yenyewe. Magurudumu ya nyuma ndiyo yenye breki. Hapa plau nzima, isiyokatwa, ina kazi nyingine: ikining'inizwa nyuma huwa uzani wa kusawazisha. Na robota likiinuliwa juu bila kushikwa vizuri, hubiringika juu ya mikono hadi kwa dereva. Nchini Marekani uchunguzi wa vifo vya kazini umeeleza matukio ya namna hiyo, na trekta nyingi zinazolima hapa nchini hazina fremu ya kumkinga dereva.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamhusu pia mwajiri wa shambani, na CAMARTEC, iliyoanzishwa mwaka 1981 jijini Arusha, ina jukumu la kupima zana za kilimo. Lakini zana iliyochomelewa kwa siku mbili katika karakana ya kijijini haisafiri hadi Arusha kwa ajili ya kipimo. SIDO ina ofisi mikoani na VETA inafundisha uchomeleaji. Mchoro mmoja wa jukwaa la fremu ya plau, wenye unene wa mabomba, mahali pa mishono na uzito wa mwisho unaoruhusiwa, ungeweza kuwafikia mafundi kupitia taasisi hizo kabla ya msimu wa kukata majani. Jaribio lake halihitaji maabara: mifuko sita ya saruji ya kilo 50, sentimita chache juu ya ardhi, usiku kucha, huku hakuna mtu aliyesimama chini yake.